Butembo–Beni: Mpira wa Hiace unazeeka hata kama meno yake yangali marefu

Kwenye parkingi za Butembo na Beni, abiria anayetafuta gari huuliza mambo mawili: bei ya kiti na saa ya kuondoka. Mwenye mizigo anaongeza la tatu, nafasi juu ya paa. Mipira haiulizwi. Mtu akiikumbuka, anaipiga teke moja, anasikia imejaa upepo, anaona ingali na meno, basi anapanda. Teke hilo halimwambii kitu. Mpira unaweza kujaa upepo vizuri, ukawa na meno marefu, na bado ukawa haufai kubeba watu. Anayenunua mpira wa gari la abiria, na anayelipa kiti ndani ya gari hilo, wote wawili wanapaswa kusoma vitu viwili vilivyoandikwa ubavuni mwa mpira wenyewe: mwaka uliotengenezwa na uzito unaoruhusiwa kubeba. Hayo ndiyo yanayotangulia. Meno yanafuata nyuma.

Gari zinazozungumziwa hapa ni Toyota Hiace za zamani, zile zilizotumika kwanza Japani au kwingineko kabla ya kufika Kivu ya Kaskazini. Injini zao zinasifiwa, na ni haki yao. Fundi wa Butembo anaweza kuifungua injini ya Hiace asubuhi na kuirudisha barabarani jioni. Mpira haufunguliwi namna hiyo. Ukichoka ndani, hakuna fundi wa kuurudishia ujana.

Kwa familia nyingi za eneo hili, Hiace si gari la safari tu. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, kuna watu waliokimbia zaidi ya mara moja, wakitoka vijijini kwenda Oicha, kutoka Oicha kwenda Beni, kutoka Beni kwenda Butembo. Tarehe 28 Juni 2024, Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa M23, wimbi lingine lilipanda kutoka kusini kupitia Kayna na Kirumba kuelekea Lubero na Butembo. Familia inapokimbia na ikabahatika kupata gari, haipandi na mkoba mmoja. Inapanda na magodoro, masufuria, bidoni za maji, mfuko wa maharagwe, pengine mbuzi, na watoto wasiohesabiwa sababu wanapakatwa. Na kama mvua imeharibu njia, na malori yamezama kwenye matope mbele, Hiace inageuka nyumba. Mama anapikia pembeni yake, wazee wanalala kwenye viti, watoto chini. Huko Ulaya kuna watu wanaonunua magari yenye vitanda ndani kwa ajili ya kutembea na kulala njiani wakati wa likizo. Hapa, gari la kulala linapatikana bila mtu kulitaka.

Mfano huo wa Ulaya haukutajwa bure. Wenye magari hayo ya kulala wanajua jambo moja ambalo wenye Hiace wengi hawalijui. Gari la namna hiyo linatembea wiki chache kwa mwaka, kisha linakaa chini ya mti miezi mingi. Mpira wake haupati nafasi ya kulika. Miaka minane ikipita, meno yangali karibu kama siku ya kwanza, lakini kaucho imekauka. Jua, joto na hewa yenyewe huondoa ulaini wake. Mipasuko midogo kama nywele inatokea ubavuni. Ndani, pale ambapo macho hayafiki, tabaka za kaucho na nyuzi za chuma zinaanza kuachana. Siku gari linapopakiwa mzigo na kukimbizwa kwenye joto, tabaka zinaachia kwa mara moja. Ndiyo maana washauri wa magari hayo huwaambia wenyewe wabadilishe mipira kufuatana na umri, wasisubiri meno yaishe.

Hiace ya Butembo inayofanya kazi kila siku haina shida hiyo ya kukaa chini ya mti, isipokuwa zile zilizosimamishwa miezi mingi sababu njia zao zimefungwa na vita. Shida yake inaingia kupitia mlango mwingine: mipira ya okazioni. Mpira ulioondolewa kwenye gari huko mbali, sababu ni mzee au sababu mwenyewe amebadilisha gari, unapakiwa ndani ya kontena na kufika sokoni huku. Muuzaji anausafisha, anaupaka dawa nyeusi unang'aa, anaupanga mbele ya duka. Mnunuzi anapitisha kidole kwenye meno na kusema: bado uko mzima. Anachokigusa ni kile ambacho mwenye kwanza hakukitumia. Anachokinunua ni umri ambao mwenye kwanza aliukimbia.

Uingereza ililipa bei kubwa kulielewa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2012, basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka mpira wa mbele, likaacha barabara na kugonga mti. Watu 3 walikufa. Mpira ule ulikuwa na zaidi ya miaka 19, na mmoja wa waliokufa, Michael Molloy, alikuwa na miaka 18: mpira ulikuwa umemzidi umri. Meno yake hayakuwa na kosa mbele ya sheria ya wakati ule, sababu sheria haikuuliza umri. Mama yake, Frances Molloy, alipigana miaka mingi hadi serikali ikabadili msimamo. Tangu tarehe 1 Februari 2021, nchini humo mpira wenye zaidi ya miaka 10 hauruhusiwi kwenye mhimili wa mbele wa mabasi na malori, wala kwenye magurudumu ya basi dogo lenye mpira mmoja kila upande. Hiace iko ndani ya kundi hilo la mwisho. Yaani mpira ambao ni marufuku kubebea abiria kule unaweza kabisa kuwa unabeba abiria kati ya Maboya na Kalunguta asubuhi ya leo.

Kuusoma mwaka si elimu ya chuo kikuu. Ubavuni kuna herufi DOT, zikifuatwa na herufi na namba nyingine, na mwishoni kuna tarakimu 4 ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3517 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Zikiwa tarakimu 3 tu, mpira huo ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hakuna cha kujadili tena. Kuna hila moja ya kujua: tarakimu zote 4 mara nyingi ziko upande mmoja tu wa mpira. Zikifungwa kuelekea ndani, hazionekani kwa mtu aliyesimama. Wakati mwingine ni bahati mbaya ya fundi, wakati mwingine si bahati mbaya. Mwenye kutaka kuziona anainama chini ya gari na taa ya simu. Atachafua magoti, basi.

Hata mpira mpya una umri. Kuna mipira inayokaa depo miaka, ingali na karatasi yake, na muuzaji anaapa kwamba ni mpya. Hasemi uongo, haujawahi kukanyaga barabara. Lakini kaucho haijui kama iko depo au njiani.

Jambo la pili, uzito, ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na hapo ndipo wenye magari wanapojidanganya kwa hesabu rahisi. Hiace nyingi zinavaa mpira wa kipimo 195R15C, na zile za zamani zaidi zina 185R14C. Herufi C mwishoni ndiyo roho ya mambo. Inaonyesha mpira wa gari la mizigo midogo, wenye mbavu ngumu na tabaka zenye nguvu, mara nyingi ukiandikwa 8PR. Sokoni kuna mpira mwingine unaofanana nao kwa majina: 195/65R15. Huo ni mpira wa gari dogo la familia, umejaa kwenye okazioni sababu umejaa Ulaya. Mnunuzi anaona 195, anaona 15, anaona unaingia kwenye rimu bila shida, tena bei yake iko chini. Anafikiri amepata. Amenunua kiatu cha mtoto kwa ajili ya mpagazi.

Baada ya kipimo kuna namba ya uzito. Kwenye 195/65R15 mara nyingi ni 91, na 91 maana yake kilo 615 kwa kila mpira. Kwenye mpira wa C ni namba kama 102 au 106, yaani kilo 850 au 950. Sasa ipigwe hesabu ya parkingi. Hiace tupu ichukuliwe kuwa na kilo 1,700. Ndani waingie watu 18, shofa na konvwayeri wakiwemo, kila mmoja kilo 60: hiyo ni 1,080. Juu ya paa ziwekwe kilo 200 tu, jambo ambalo kila anayejua paa za Hiace atalicheka. Jumla ni kilo 2,980. Mipira 4 ya gari dogo inaruhusiwa kubeba 2,460. Gari limezidisha kilo 520 kabla halijatoka parkingini, na uzito mwingi uko nyuma, haugawanyiki sawa. Mipira 4 ya C yenye namba 102 inabeba 3,400. Gari ni lilelile, watu ni walewale. Kilichobadilika ni herufi moja.

Tena mpira huo wa gari dogo ni mfupi. Tofauti ya kimo ni karibu sentimita 6 kwa mpira mzima, maana yake tumbo la gari linashuka karibu sentimita 3. Kwenye barabara yenye mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, sentimita 3 si kidogo. Shofa anayelalamika kwamba anagonga chini kila siku aangalie kwanza amevaa nini.

Kuna na mipira ya theluji. Inatambulika kwa alama ya mlima wenye vilele 3 na ua la theluji katikati. Watu wanaipenda sababu meno yake ni makubwa, yanaonekana kama yatashika matope. Kaucho yake imetengenezwa kwa baridi, ni laini; kwenye joto la Semuliki inalika haraka na inachelewesha breki. Katika eneo lote hili theluji iko mahali pamoja tu, juu ya Rwenzori, na hakuna Hiace inayopanda huko.

Wapo watakaosema: mipira hiyohiyo ya okazioni imetembea miaka mingi kati ya Butembo na Beni, na watu wamefika. Ni kweli, na sababu yake iko wazi. Barabara ilikuwa mbaya. Kilomita 54 kati ya miji hii miwili zilitembewa polepole, gari likitafuta pa kupita. Mpira mbovu ukienda polepole unavumilia. Lakini mwezi wa Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua mradi wa barabara wa kilomita 223, na ndani yake mna Kasindi–Beni, kilomita 80, pamoja na njia ya Beni–Butembo. Pale ambapo lami imefika au udongo umesawazishwa, shofa hatembei tena polepole. Anakanyaga. Na kutoka Butembo, mji ulio juu kwenye baridi, hadi tambarare ya Kasindi, ni mteremko wa mamia ya mita kuelekea joto. Mwendo, joto na mzigo ni vitu vitatu ambavyo mpira mzee hauvipendi, na barabara nzuri inavileta pamoja. Wakaazi wameomba lami miaka mingi, na walikuwa na haki. Mipira ya barabara mbaya haiwezi kubaki ileile kwenye barabara nzuri.

Upepo nao una sehemu yake. Mpira wenye upepo mdogo unajikunja sana, unapata joto, na joto ndilo linaloua. Kuna mashofa wanaopunguza upepo ili gari lisirushe abiria kwenye mawe. Wanasahau kuurudisha wakifika kwenye lami. Wengine wanasimama njiani mpira ukiwa wa moto, wanapima, wanaona umepanda, wanatoa. Kesho asubuhi, kwenye baridi ya Butembo, mpira huo uko chini ya kiasi. Kupima ni asubuhi, gari likiwa halijatembea, kufuatana na kibandiko cha mlango. Kwa Hiace iliyojaa, nyuma ni kiasi cha bar 3 au zaidi kidogo. Mpira wa gari dogo hauna mbavu za kukaa siku zote na upepo na mzigo wa namna hiyo, na hapo hesabu ya kilo inarudi tena.

Kwa nini basi gari za abiria zinavaa mipira isiyofaa? Jibu la haraka ni umaskini, na lina ukweli ndani yake. Mafuta ni ghali, barieri ni nyingi, kila moja na risiti yake au bila risiti. Gari linaweza kukaa wiki bila kazi sababu ya habari mbaya kutoka njiani. Lakini jibu hilo linamficha mtu mmoja. Shofa hanunui mpira. Mwenye gari ndiye anayenunua, na mara nyingi yeye hapandi gari hilo. Anangoja pesa yake ya kila siku nyumbani. Mpira ukipasuka, anapoteza mpira. Shofa anapoteza kazi au maisha, na abiria vilevile. Anayechagua si yule atakayeumia, na kwa hiyo uchaguzi hauwezi kuachwa mikononi mwake peke yake.

Kwa upande wa pesa, hesabu ya okazioni si nzuri kama inavyoonekana. Mpira mzee uliobaki na nusu ya maisha, ukinunuliwa mara tatu na kuzibwa mara kumi, unakaribia bei ya mpya, bila kuhesabu siku ambazo gari lililala pembeni. Butembo ni mji wa wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka China na Dubai. Mipira mipya ya C yenye majina yasiyojulikana inapatikana. Watu wanaidharau. Wanapendelea okazioni yenye jina kubwa la Ulaya au Japani, kama vile jina linalinda. Hapo wanakosea. Mpira mpya wa bei ndogo, wenye herufi C, namba ya uzito inayotosha na tarehe ya karibuni, ni bora kuliko mpira wa jina kubwa wenye miaka 9. Kama pesa inatosha miwili tu, inunuliwe miwili inayofanana na iwekwe nyuma, kwenye mzigo mwingi na ambapo gari likiteleza ni vigumu kulirudisha. Miwili ya mbele isiwe ile iliyokataliwa nyuma kwa sababu ya umri au mipasuko. Hiyo haina kazi tena kwenye gari la watu, mbele wala nyuma.

Sheria inaweza kusaidia, tena bila gharama kubwa. Kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini iko mikononi mwa OCC, na mipira mingi ya eneo hili inapitia Kasindi. Kusoma tarakimu 4 hakuhitaji maabara. Mpira wa okazioni wenye zaidi ya miaka 5 usiingie kama mpira wa gari. Mwenye kuutaka kwa kazi nyingine aulete ukiwa umekatwa. Polisi wa barabarani, wanaosimamisha gari kuuliza karatasi, waongeze swali moja: mpira wa mwaka gani? Na chama cha mashofa, ACCO, kinachojua kila gari la parkingi kwa jina, kingeweza kukataa kuliweka kwenye zamu gari lenye mpira usio na C. Hatari ya hatua hizo inajulikana na kila mtu hapa: swali jipya barabarani linaweza kugeuka sababu mpya ya kudai pesa. Ndiyo maana ukaguzi ungefaa kufanyika parkingini, asubuhi, mbele ya abiria, si kwenye kona ya barabara.

Abiria mmoja mwenye kiti kimoja hana nguvu. Mama anayeuliza ataambiwa, “Mama, usiogope, huu mpira bado uko na meno,” na akisisitiza, konvwayeri atampa nafasi yake mtu mwingine. Lakini familia tatu au nne zinazokodi gari zima ziko na nguvu, sababu pesa iko bado mkononi mwao. Hapo ndipo pa kuuliza, kabla godoro la kwanza halijapanda. Mwenye kuongea amwendee shofa kwa heshima, amwambie, “Papa, tuonyeshe namba ya mwaka,” na kijana mmoja mwenye simu ainame kuzipiga picha zote 4, na ya 5, ile ya akiba. Shofa mwenye busara hatakasirika. Wengine watafurahi hata, sababu kauli ya abiria itakuwa silaha yao wakirudi kwa mwenye gari: wateja wamekataa.

Huo mpira wa akiba una habari yake. Kwenye gari nyingi ndio mbovu kuliko yote, ule ulioshindwa kazi ukatupwa nyuma ya kiti, au haupo kabisa sababu nafasi yake imewekwa mzigo. Kwenye nchi yenye amani, kukosa mpira wa akiba ni kuchelewa. Kaskazini mwa Beni, kwenye njia ya Oicha, Eringeti na Luna kuelekea Komanda, kumekuwa na vipindi ambapo magari yanatembea kwa msafara unaosindikizwa na jeshi, na msafara hauwezi kulingoja gari moja muda mrefu. Mwanzoni mwa Septemba 2021, msafara wa aina hiyo ulishambuliwa kati ya Komanda na Luna, na magari yakachomwa. Hata walio na askari mbele na nyuma hawakuwa salama. Gari linalobaki peke yake kwenye njia hiyo, abiria wakiwa wameshuka, jeki ikizama kwenye udongo na konvwayeri akitafuta jiwe la kuweka chini yake, liko mahali ambapo hakuna mzazi angependa kumwona mtoto wake. Kubadilisha gurudumu kunaweza kuchukua dakika 20 kama vifaa vipo. Kama mpira wa akiba nao hauna upepo, hakuna wa kusema itachukua muda gani. Jeki, ufunguo wa magurudumu na kipande cha ubao kigumu cha kuweka chini ya jeki ni vitu vya kuonyeshwa parkingini, kwa macho, si kwa maneno.

Linabaki swali la mipira inayotolewa. Hapa hakuna kitu kinachotupwa. Mpira mzee unakatwa kuwa kandambili, unakuwa kamba ya kufungia mizigo, unazungushwa kwenye magurudumu ya mbao ya chukudu, na zile chukudu zinabeba viazi na makaa bila kumwua mtu kwa sababu ya tarehe. Hizo ni kazi nzuri za uzee. Hatari ni pale mpira unapotolewa kwenye Hiace ya mmoja, ukaachwa kwa fundi, ukapakwa dawa nyeusi tena, na wiki inayofuata ukawa chini ya Hiace ya mwingine. Mwenye gari anayebadilisha mipira asiondoke kwa fundi kabla ile ya zamani haijapigwa kisu ubavuni, pande zote mbili, mbele ya macho yake. Mtengenezaji wa chukudu bado atainunua.